Taamuli na mawimbi ya ubongo: maswali ya wasomaji

Swali: Mawimbi ya ubongo hupimwaje?

Jibu: Hupimwa kwa vitambuzi vya umeme vinavyobandikwa kichwani, yaani kipimo kilekile wanachofanyiwa wagonjwa wa kifafa. Mawimbi ya alfa, yanayopiga mara 8 hadi 13 kwa sekunde, hushamiri mtu anapofumba macho akiwa ametulia. Yale ya gama hupita mara 30.

Swali: Je, ubongo wa mwanayoga hutofautiana na wa mtawa wa Zen, tawi la Ubudha?

Jibu: Dai hilo lina historia ndefu. Mwaka 1961 Anand na wenzake nchini India waliripoti kwamba wanayoga waliozama katika taamuli, yaani kutafakari kwa utulivu, hawakukatika mawimbi ya alfa hata walipomulikwa kwa mwanga mkali au kuguswa na kitu cha moto. Miaka mitano baadaye, Kasamatsu na Hirai wa Japani waliona kinyume chake: kila mlio mdogo uliporudiwa, alfa za watawa wa Zen zilikatika kwa muda mfupi, kana kwamba wanausikia kwa mara ya kwanza, ilhali watu wa kawaida waliuzoea upesi. Ikasemwa basi kwamba mwanayoga hujifungia ndani na mtawa wa Zen hubaki macho kwa kila kinachotokea. Ni tafsiri ya kuvutia, lakini makundi hayo hayakupimwa mahali pamoja wala kwa utaratibu mmoja. Mwaka 1981 Becker na Shapiro waliyapima pamoja, wakaongeza wafuasi wa taamuli ya Maharishi Mahesh Yogi, mwalimu kutoka India, na watu wasiotafakari kabisa, na tofauti ile haikuonekana. Jaribio hilo, kwa maoni yangu, lilistahili kusikika zaidi.

Swali: Vipi kuhusu wafuasi wa Ubudha wa Tibet?

Jibu: Mwaka 2004 Lutz, Davidson na wenzao waliwapima wazoefu 8 waliokwisha kutafakari kwa saa 10,000 hadi 50,000, wakakuta gama nyingi kuliko kwa wanafunzi 10 waliofundishwa kwa wiki moja. Hata hivyo, wazoefu hao walikuwa na gama nyingi hata kabla ya kuanza kutafakari, na misuli ya kichwa nayo hutoa umeme wa kasi kama hiyo, hivyo matokeo ya gama yanahitaji kusomwa kwa uangalifu.

Swali: Nichague taamuli kwa kuangalia mawimbi yake?

Jibu: Hapana, kwani alfa huongezeka hata kwa kufumba macho tu. Chagua zoezi unaloweza kulifanya kila siku, na ikiwa unatumia dawa za kifafa au sonona, usiziache bila kumwona daktari.