Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kuchagua Baruti na Kipimo Chake kwa Risasi za Kujazwa kwa Mkono

Nchini Marekani, Kanada na katika sehemu kadhaa za Ulaya, wawindaji na wapiga shabaha wengi hujaza wenyewe risasi za raifo zao. Mtu huchukua ganda lililokwisha kufyatuliwa, hutoa kiwashio kilichotumika, hulirudisha ganda katika umbo lake, huweka kiwashio kipya na baruti iliyopimwa, kisha hukandamiza kichwa kipya kwenye mdomo wa ganda. Shughuli hiyo ni halali huko. Tanzania na Kenya hakuna anayeruhusiwa kutengeneza risasi bila kibali, na msomaji aliye huko ayachukue haya kama maarifa tu. Mikono hujifunza kazi hii upesi. Kinachowaponza watu ni uamuzi unaotangulia kazi yenyewe, yaani ni baruti ipi itumike na kwa kiasi gani, na hapo ndipo dhana potofu zimejaa, nyingi zikirithishwa na wakongwe wenye nia njema kabisa.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ziko baruti kali na baruti dhaifu, na kwamba anayetaka mwendo mkubwa atafute iliyo kali. Tangu Mfaransa Paul Vieille alipobuni baruti isiyo na moshi mwaka 1884, kiini cha baruti za raifo kimekuwa nitroselulosi, wakati mwingine ikiongezewa nitroglisirini. Kinachozitofautisha hasa ni kasi ya kuungua, nayo hutokana na ukubwa wa chembe, umbo lake na dawa iliyopakwa juu yake. Kichwa cha risasi kinapoanza kusogea ndani ya mtutu, nafasi iliyo nyuma yake hupanuka, na baruti inayoungua polepole huendelea kutoa gesi na kukisukuma wakati nafasi hiyo inapanuka. Ndiyo maana ganda kubwa lenye kichwa kizito, kama la 7mm Remington Magnum, hutaka baruti ya polepole kama H4831, ilhali .308 Winchester huridhika na ya kasi ya kati kama Varget. Ukijaza ganda la raifo kwa baruti ya bastola, ambayo huungua haraka, shinikizo lote litazuka kabla kichwa hakijasogea vya kutosha, na bunduki inaweza kupasuka mbele ya uso wa mpigaji.

Tena kasi hiyo si tabia isiyobadilika. Shinikizo likipanda, baruti huungua kwa kasi zaidi, na kuungua huko hulipandisha shinikizo tena. Kwa hiyo ukiongeza baruti kidogo karibu na kikomo, shinikizo huongezeka kwa uwiano mkubwa kuliko ule wa baruti uliyoongeza. Majedwali yanayopanga baruti kuanzia ya haraka hadi ya polepole huonyesha mpangilio tu. Baruti mbili zinazofuatana katika jedwali haziwezi kubadilishana vipimo, kwa kuwa jedwali halisemi zimepishana kwa kiasi gani, na mpangilio wenyewe huweza kugeuka katika ganda la aina nyingine.

Dhana ya pili inanitia hofu zaidi kwa sababu huwapata hata watu makini: kwamba baruti zenye namba moja ni baruti moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon alinunua baruti ya 4831 iliyokuwa ziada ya jeshi la Marekani, akaiuza kwa wajazaji wa risasi, nayo ikapendwa sana. Baadaye ilikuja sokoni IMR 4831, ambayo huungua kwa kasi kuliko H4831, yaani ile ya Hodgdon. Anayechukua kipimo cha juu kabisa cha H4831 na kukijaza kwa IMR 4831 amevuka kikomo bila kujua, ingawa namba kwenye mkebe ni ileile. Vivyo hivyo, IMR 4350 na H4350 ni baruti mbili, kila moja na vipimo vyake, japokuwa leo majina yote mawili yako chini ya kampuni moja. Upande wa pili, H110 na W296 ni baruti moja yenye majina mawili, na Varget ndiyo ile inayouzwa Australia kwa jina la AR2208. Namba pekee, basi, haimwambii mtu kitu. Asome jina zima pamoja na herufi zake, na kipimo akitafute chini ya jina hilohilo katika kitabu cha mtengenezaji.

Macho hayasaidii. Ukimimina baruti hizo mbili za 4350 kwenye karatasi nyeupe, utaona vijiti vifupi vyeusi kama ncha za penseli zilizokatika, na hakuna jicho litakalozitambua kwa uhakika. Kwa sababu hiyo, juu ya meza ya kazi panapaswa kuwa na mkebe mmoja tu wa baruti kwa wakati mmoja, na kazi ikimalizika, chombo cha kupimia kimiminwe chote kwenye mkebe wake siku hiyohiyo. Baruti iliyokutwa ndani ya chombo asubuhi, pasipo mtu mwenye hakika imetoka mkebe upi, haifai tena kutumika, hata kama imejaa chombo kizima na bei yake inauma.

Wengine huamini kwamba kipimo cha kitabuni ni cha uzito fulani wa kichwa, na kwamba vichwa vyote vya greni 150, yaani karibu gramu 9.7, hutumia kipimo kilekile. Kipimo hicho kilipatikana kwa kichwa fulani, ganda fulani, kiwashio fulani na urefu fulani wa risasi nzima. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi (ledi), kwa hiyo kichwa cha shaba tupu huwa kirefu kuliko cha uzito uleule chenye kiini cha madini hayo. Huingia zaidi ndani ya ganda, hupunguza nafasi ya baruti, na mara nyingi hukinza zaidi kinaposhika mifuo ya mtutu. Maganda mengi ya kijeshi ya 7.62 NATO yana kuta nene kuliko yale ya kiraia ya .308, na nafasi yake ya ndani ni ndogo. Ukibadilisha kimoja kati ya hivi, rudi kwenye kipimo cha kuanzia na upande taratibu.

Huwezi kuzungumza na wajazaji kwa muda mrefu bila kusikia kwamba bunduki yenyewe itakuonya. Wanachomaanisha ni kiwashio kilichobapa, alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda, au komeo linalokuwa gumu kuinua. Alama hizo ni za kweli, lakini huchelewa. Kikomo cha SAAMI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya risasi, kwa .308 ni pauni 62,000 kwa inchi mraba, na mara nyingi alama za wazi huonekana shinikizo likiwa limekwisha kuvuka hapo. Viwashio navyo vina unene tofauti. Kimoja hubapa mapema, kingine hakibapi hata mambo yakiwa mabaya. Hali ni ya hatari zaidi kwa .303 British, ambayo kikomo chake ni 49,000 tu, kwa maana bunduki zake za zamani zinaweza kuzidiwa kabla kiwashio hakijaonyesha chochote. Kutokuwepo kwa alama si ushahidi wa usalama. Niongeze pia kwamba vitabu vya zamani vilipima shinikizo kwa kubonyea kwa kipande cha shaba, ambapo .308 husomeka 52,000. Namba hiyo na 62,000 ni vipimo viwili vya kikomo kilekile, wala hapana nafasi ya 10,000 iliyobaki ya kujaziwa.

Je, baruti kidogo ni salama siku zote? La. Baruti ya polepole ikipunguzwa chini ya kiwango kilichoandikwa inaweza kuungua vibaya na kukiacha kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na zipo taarifa za miaka mingi za shinikizo kupanda ghafla katika hali kama hiyo. Baruti ya haraka inayotumika kwa kiasi kidogo ina hatari nyingine: haifikii hata nusu ya ganda, kwa hiyo ganda lililojazwa mara mbili halitamwagika likamshtua mjazaji. Anayetaka risasi nyepesi atumie baruti ambayo mtengenezaji ametoa mwongozo wa kuipunguza, kama alivyofanya kwa H4895.

Kuhusu dai kwamba kipimo cha juu ndicho chenye shabaha nzuri, majaribio ya kila siku hulikanusha. Bunduki nyingi hukusanya matundu vizuri zaidi chini ya kikomo.

Joto nalo hudharauliwa. Kodaiti, baruti ya zamani ya Waingereza, ilipandisha shinikizo kwenye jua kali, na ndiyo sababu moja ya .416 Rigby ya mwaka 1911 na .470 Nitro Express, zilizobebwa na wawindaji wa tembo na nyati Afrika Mashariki, kupewa maganda makubwa yenye shinikizo la chini. Baruti kadhaa za sasa huvumilia joto vizuri zaidi, lakini hakuna isiyoathirika kabisa. Kipimo kilichofikia kikomo wakati wa baridi kinaweza kukivuka katika risasi iliyoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Hatimaye, si kweli kwamba baruti haizeeki. Hukaa miaka mingi katika mkebe wake wa asili mahali pakavu na baridi, lakini dawa inayoizuia kuoza huisha polepole. Harufu ya tindikali, vumbi la rangi ya kutu au moshi wa kahawia mwekundu unapofunguliwa mkebe ni dalili kwamba imeoza, na baruti iliyofikia hapo haiokolewi kwa kuchanganywa na mpya, kwani mchanganyiko huo hauna kipimo katika kitabu chochote.