Vidonge vya mwani na lehemu kwenye damu: maswali na majibu

Nimeambiwa spirulina, ule mwani mdogo wa kijani-buluu, inashusha lehemu (kolesteroli). Ni kweli?

Kuna ushahidi kwamba inashusha. Mwaka 2016 watafiti walijumlisha matokeo ya majaribio 7 wakaona lehemu mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye majibu ya maabara, imeshuka kwa wastani wa miligramu 41 kwa desilita, yaani takriban milimoli 1 kwa lita. Si haba. Ila majaribio yote kwa pamoja yalikuwa na watu 500 na ushei tu, na wingi wa spirulina waliyopewa ulitofautiana sana: kuanzia gramu 1 hadi 10 kwa siku.

Hapo ndipo usome kopo lako vizuri. Kidonge kimoja mara nyingi kina miligramu 500, kwa hiyo ukiambiwa meza viwili asubuhi, umepata gramu 1. Anayetaka gramu 4 anameza vidonge 8 kila siku, kwa miezi. Piga hesabu ya hela kabla hujaanza.

Na klorela, ule mwani mwingine mdogo wa kijani?

Nguvu yake ni ndogo. Majaribio 19 yalipojumlishwa, LDL ilishuka kwa miligramu 8 hivi kwa desilita.

Mafuta ya mwani je? Dukani yamewekwa pamoja na hivyo vingine.

Kukaa rafu moja kusikuchanganye. Hayo hukamuliwa ili kupata DHA, mafuta ya omega-3 kama ya samaki. Yanashusha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta kwenye damu, lakini uchambuzi wa mwaka 2012 ulionyesha LDL ikipanda kidogo, pamoja na lehemu nzuri. Kama shida yako ni LDL, umenunua kitu kisichokuhusu.

Heroe wa ziwa Nakuru na ziwa Bogoria wanakula spirulina. Kwa nini nisichote mwenyewe?

Ni kweli wanaila, ndiyo chakula chao kikuu. Lakini katika maziwa hayo kumepatikana pia vijimea vingine vya aina hiyo vinavyotoa sumu ya kuharibu ini, na kwa macho huwezi kuvitenganisha. Hata ya dukani, nunua ile ambayo mtengenezaji anaonyesha kuwa imepimwa sumu hiyo na madini mazito kama risasi. Unga uliofungwa kwenye mfuko usio na lebo, achana nao.

Daktari ameniandikia atorvastatini, dawa ya kushusha lehemu. Naweza kuiacha nikatumia spirulina?

Hapana. Dawa za kundi hilo hupunguza LDL kwa theluthi moja hadi nusu, kutegemea dozi, na zimethibitishwa kupunguza mshtuko wa moyo na kiharusi. Spirulina haina uthibitisho huo. Tunachojua ni namba za maabara tu. Na kwa kuwa lehemu haiumi, ukiacha dawa hutasikia tofauti yoyote hadi siku mshipa umeziba. Ukitaka kuongeza spirulina juu ya dawa, mwambie daktari, kisha pima tena baada ya miezi 3.

Nani asitumie bila ushauri?

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hasa kwa klorela, kwa sababu ina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Mwenye lupasi au ugonjwa mwingine ambao kinga inashambulia mwili wenyewe, kwani spirulina inaweza kuichochea. Mjamzito pia. Na mwenye tatizo la tezi ya shingo awe mwangalifu na vidonge vya mwani wa baharini, maana baadhi vina iodini nyingi mno.