Kupunguza matiti kwa mara ya pili: maswali na majibu

Wanawake wengi waliopunguzwa matiti hupasuliwa mara moja na yakaisha. Wapo ambao miaka inapita, kisha mikanda ya sidiria inaanza tena kuchimba mabega, shingo inauma, na joto la Kisumu linarudisha vipele chini ya matiti. Maswali haya ni ya aina wanayouliza wao.

Nilipunguzwa nikiwa msichana wa miaka 19. Sasa nina 34 na watoto wawili, na matiti yamekuwa makubwa tena. Kilichokatwa kimerudi vipi?

Kilichokatwa hakikurudi, dada. Kilichobaki ndicho kimeongezeka. Daktari haondoi titi lote. Huacha tezi za maziwa, mafuta na ngozi, na hivyo vyote huendelea kuitikia homoni na uzito wa mwili. Mimba hulikuza titi. Kunenepa pia, kwa kuwa sehemu kubwa ya titi ni mafuta. Sindano ya kupanga uzazi huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, na wengine hubadilika wanapokaribia kukoma hedhi. Tena aliyepasuliwa akiwa kijana huenda matiti yake yalikuwa hayajamaliza kukua.

Kabla ya kusema yamekuwa makubwa, simama mbele ya kioo bila sidiria. Ikiwa sehemu ya chini ya titi imeteremka na chuchu inatazama juu, huenda ukubwa ni uleule ila ngozi imelegea. Hapo dawa ni kukaza ngozi, na pengine nyama ya kukatwa ni kidogo sana. Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi, na mwanamke huomba upasuaji mkubwa kuliko anaouhitaji.

Kwangu ni titi moja tu lililoongezeka, na kuna kinundu kigumu karibu na kovu. Si ni kovu tu?

Usikisie. Baada ya upasuaji, mafuta yaliyokosa damu yanaweza kugeuka kinundu kigumu kisicho na madhara, lakini kwa mkono hufanana na saratani, na wakati mwingine hata kwenye picha. Anza na daktari akupapase, kisha ultrasaundi, na mamogramu (picha ya eksirei ya titi) kama umefika miaka 40 au daktari ameona inafaa. Mwambie anayekupiga picha kwamba ulishapasuliwa na umwonyeshe makovu. Ikibaki shaka, kipande kidogo huchukuliwa kwa sindano na kupelekwa maabara. Chuchu inayotoa damu au kuvutika ndani, au ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, isisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Mazungumzo ya kupunguza matiti yaje baada ya majibu hayo. Na siku ya upasuaji ikifika, sisitiza nyama itakayotolewa ipelekwe maabara.

Mara ya kwanza nilipona bila shida. Kwa nini daktari anasita sasa?

Anaihofia chuchu, na ana haki. Katika upasuaji wa kwanza kwa kawaida chuchu haitenganishwi na titi. Hupandishwa juu ikiwa bado imeshikana na kipande cha nyama chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tukiite shina. Daktari mmoja huliacha shina upande wa chini wa titi, mwingine upande wa juu, mwingine upande wa ndani kuelekea katikati ya kifua. Njia zote hizo zinakubalika. Ila kuanzia siku hiyo chuchu hutegemea zaidi damu ya shina hilo, maana njia nyingine zilikatwa. Mishipa midogo huota tena kupitia kovu, lakini hakuna wa kuapa kwamba inatosha.

Sasa daktari wa pili asiyejua shina liko wapi akiihamisha chuchu kwa shina jipya na kukata upande wa chini, kumbe ndiko damu inakopita, chuchu inaweza kugeuka nyeusi na kufa, yote au sehemu yake. Hata isipokufa, hisia zinaweza kupungua. Kuna pia kidonda kinachochelewa kufunga, hasa pale makovu yanapokutana chini ya titi, maambukizi, matiti kutolingana, na makovu yanayovimba kwa wenye ngozi ya keloidi.

Kwa hiyo naisema wazi: ripoti ya upasuaji wa kwanza ina faida kwako kuliko picha yoyote ya matiti unayoyatamani.

Nilipasuliwa Nairobi miaka mingi iliyopita na sina hata karatasi moja. Nifanyeje?

Itafute kwa bidii kabla ya kulipia lolote. Andikia idara ya kumbukumbu ya hospitali ile, ukiambatisha nakala ya kitambulisho, jina ulilotumia wakati huo (wengi walikuwa hawajaolewa, na faili iko kwa jina la baba) na mwaka, hata wa kukadiria. Omba ripoti ya chumba cha upasuaji, ukiitaja hivyohivyo. Karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani kwa kawaida huwa na mistari michache tu na haielezi shina liko wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako, kwa hiyo huombi fadhila. Hospitali ikishindwa, mtafute daktari aliyekupasua; wengine huweka nakala kwenye kliniki zao.

Isipopatikana kabisa, makovu pekee hayatoshi, kwa sababu kovu la umbo moja linaweza kuficha mashina tofauti. Daktari makini atachagua njia ya tahadhari: kunyonya mafuta kwa mrija, au kukata sehemu ya chini bila kuihamisha chuchu, pale umbo linaporuhusu. Njia ya mwisho ni kuiondoa chuchu na kuipandikiza upya kama kiraka cha ngozi. Hiyo hugharimu hisia na uwezo wa kunyonyesha, na rangi inaweza kufifia. Ukimuuliza daktari atafanya nini bila ripoti, naye akajibu kwamba haina neno, tafuta mwingine.

Nitampata wapi huyo daktari nikiwa Kisumu au Nakuru?

Anzia kliniki ya upasuaji ya hospitali ya rufaa: Jaramogi Oginga Odinga, ile watu wa Kisumu wanayoiita Russia, au ya kaunti pale Nakuru. Wataalamu wengi wa upasuaji wa plastiki wako Nairobi, hivyo huenda ukapewa barua ya rufaa. Hakiki jina lake kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na muulize amewahi kuwapasua wangapi kwa mara ya pili. Kuhusu malipo, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Waulize kama watalipia na upate jibu lao kwa maandishi, pamoja na barua ya daktari inayoeleza maumivu na vipele, kabla ya kupanga tarehe.

Je, nikipaka zile krimu za kupunguza matiti?

Hakuna krimu inayoyeyusha tezi wala mafuta ya titi. Hifadhi pesa zako.

Bado nataka mtoto mmoja. Nisubiri?

Ukiweza kuvumilia, ndiyo. Mimba inaweza kuyakuza tena, na upasuaji wa pili hupunguza zaidi nafasi ya kunyonyesha. Ukishamwachisha mtoto, subiri kama miezi sita titi litulie. Kama unapanga kupunguza uzito, upunguze kwanza na ukae nao imara kwa miezi kadhaa. Mwenye kisukari aidhibiti sukari, na mvutaji sigara aache angalau wiki nne kabla, maana sigara hubana mishipa ileile tunayoihofia.

Nauza Kibuye. Nitarudi sokoni lini?

Kazi nyepesi baada ya wiki mbili hivi. Kubeba magunia, ndoo za maji au mtoto mgongoni, wiki sita, kwa hiyo tafuta msaidizi mapema. Titi moja likivimba ghafla, chuchu ikibadilika rangi, ukipata homa, usaha, mguu mmoja kuvimba au pumzi kukatika, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Ukipasuliwa Nairobi, usipande basi la kurudi Kisumu kesho yake. Kukaa kitini saa nyingi huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na tatizo likikupata katikati ya njia hakuna anayelijua faili lako. Kaa kwa ndugu hadi ukaguzi wa kwanza upite, kisha uondoke na nakala ya ripoti ya upasuaji huu mpya na barua kwa daktari wa Kisumu atakayeendelea kukagua vidonda.