Kipimo cha DNA Kikikosa Jibu

Mwezi Machi 2024, karibu mwaka mzima tangu ufukuaji uanze katika msitu wa Shakahola, Pwani ya Kenya, ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walikutwa wamezikwa, familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao katika hifadhi ya maiti ya Malindi. Miili iliyofukuliwa ilikuwa zaidi ya 400. Iliyokuwa imetambuliwa kwa DNA wakati ule ni 34. Tangu hapo naulizwa swali lile lile, mara nyingi kwa hasira: wataalamu walikuwa wakifanya nini muda wote huo?

Sikuwa katika kikosi cha Shakahola. Lakini kazi yangu ni kusoma mifupa ya binadamu, na najua sababu moja ambayo haielezwi vya kutosha: maabara inaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado isipate jibu.

Majibu ya DNA huja kwa namna tatu. Inalingana, hailingani, au haitoshi kuamua. Hilo la tatu ndilo linalowachanganya watu. Mama akiambiwa "haitoshi kuamua" anasikia "huyu si wako", anarudi nyumbani kuendelea kutafuta kwingine. Kumbe alichoambiwa ni kwamba sampuli haikutoa habari za kutosha kusema ndiyo wala la.

Mtu akifa, vimeng'enya vya mwili wake na bakteria huanza kuikatakata DNA. Joto la Pwani likiongezeka, na unyevu wa masika, na shimo fupi lisilo na jeneza, kazi hiyo huenda mbio. Mashine ya maabara inahitaji kusoma sehemu kadhaa mahususi za DNA; kwa mwili ulioharibika husomeka chache tu, na chache hizo huenda hata jirani wa mbali akawa nazo. Udongo nao una kemikali zinazozuia kipimo kufanya kazi. Ndiyo maana hatutegemei nyama. Tunatafuta meno, mfupa wa paja, na zaidi ya yote ule mfupa mgumu ulio ndani ya fuvu nyuma ya sikio, ambao huhifadhi DNA kuliko karibu kila mfupa mwingine. Unakatwa, unasagwa kuwa unga, madini yanayeyushwa kwanza ndipo DNA itolewe. Ikishindikana, unaanza upya na kipande kingine.

Tuseme imepatikana. Unailinganisha na nani? Shakahola walikufa baba, mama na watoto wao pamoja. Aliyebaki kutoa sampuli ni mjomba, au binamu. Mzazi na mtoto hushiriki nusu ya DNA, kwa hiyo ulinganisho wao una nguvu. Mjomba hushiriki robo hivi, binamu hata hiyo hafikii. Ukiweka sampuli dhaifu ya mfupa mbele ya sampuli ya binamu, kompyuta itakupa uwezekano ambao hakuna mtaalamu mwenye akili timamu atautia sahihi.

Halafu kuna watoto, na hapa ndipo pagumu kuliko pote. DNA inaweza kuthibitisha kwamba wavulana wawili waliozikwa shimo moja ni wana wa mama mmoja na baba mmoja. Haiwezi kusema yupi ni yupi. Jina la kila mmoja hutokana na umri, na umri wa mtoto tunausoma kwenye meno: gego la kwanza la kudumu huchomoza akiwa na miaka sita hivi, na hata kabla halijachomoza picha ya eksirei huonyesha limefikia wapi ndani ya taya. Wakiwa na miaka minne na tisa, kazi ni rahisi. Wakifuatana kwa mwaka mmoja, na wote wamedumaa kwa njaa, naanza kusita.

(Na lipo jambo tusilopenda kulitaja matangani. Wakati mwingine baba anayetoa sampuli si baba wa damu, na hakuwa akijua. Kipimo kitasema "hailingani" ilhali mwili ni wa mwanawe. Ikiwezekana, sampuli ya mama iwepo.)

Interpol, shirika la polisi la kimataifa, hutambua njia tatu kuu za utambuzi: alama za vidole, meno, na DNA. Mkenya aliyechukua kitambulisho aliacha alama za vidole vyote kumi, hivyo mtu mzima ambaye ngozi ya vidole haijaisha anaweza kutambuliwa bila maabara ya DNA kabisa. Mtoto hana kumbukumbu hiyo. Rekodi za daktari wa meno, kwetu, ni za wachache. Nguo, shanga na makovu ni vya kusaidia tu, wala havitoshi peke yake, ingawa ndivyo familia hung'ang'ania: "Ile kanga ni yake." Kanga huazimwa.

Bosnia walilipa gharama ya somo hili. Baada ya vita vya 1992 hadi 1995, watu wengi walitambuliwa kwa nguo na kwa macho ya jamaa. DNA ilipoanza kutumika kwa wingi kuanzia 2001, ilibainika kwamba baadhi walikuwa wamezikwa na familia zisizo zao. Mimi nasema wazi: afadhali mwili ubaki na namba kuliko kupewa jina la uongo. Jina likikosewa, familia moja imemzika mgeni, na nyingine itamtafuta milele mtu ambaye hayupo tena mochari.

Kukosa jina hakusimamishi sheria. Timu ya Dkt. Johansen Oduor, mwanapatholojia mkuu wa serikali (daktari anayechunguza chanzo cha vifo), ilibaini njaa kuwa chanzo kikuu cha vifo, na pia dalili za kunyongwa na kupigwa, bila kujua wengi wao ni akina nani. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya Kenya inaruhusu hati ya mashtaka kumtaja marehemu kama mtu asiyejulikana. Februari 2024, Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa Malindi kwa mauaji ya watoto 191, walikana.

Panapouma ni kwenye makaratasi ya nyumbani. Bila mwili uliotambuliwa, cheti cha kifo ni shida, na bila cheti shamba halirithiwi. Sheria ya ushahidi humchukulia mtu kuwa amekufa baada ya miaka saba bila kusikika kwa wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake. Miaka saba matanga hayajaanuliwa.

Kwa hiyo mwili uliokosa jibu uzikwe peke yake, kaburi lenye namba, ramani ihifadhiwe, na kipande cha mfupa na jino vibaki maabara, kwa sababu mbinu za leo zinasoma sampuli zilizoshindikana miaka kumi iliyopita. Nani wa kusimamia hayo? Sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo ilipitishwa mwaka 2017, na Shakahola ilipofukuliwa huduma yenyewe ilikuwa bado haijaanza kazi.

Kama una mtu wenu anayetafutwa, msimtume mjomba peke yake. Waende wazazi, watoto wa marehemu, ndugu wa baba na mama mmoja, wengi kadiri mnavyoweza. Pelekeni picha za eksirei kama aliwahi kuvunjika, na picha aliyopigwa akicheka meno yakionekana. Ulizeni namba ya faili, na mkibadilisha namba ya simu, rudini mkaiandikishe mpya.