Je, wajua kwa nini programu ya kulipia kila mwezi inaweza kukufaa kuliko ya kununua mara moja?

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, akiambiwa kwamba programu ya kutunzia hesabu sasa inalipiwa kila mwezi, huuliza kwanza: kwa nini nikodi kitu ambacho zamani nilikinunua mara moja kikawa changu? Swali ni la haki, na jibu lake linategemea zaidi mahali zinapokaa kumbukumbu zake na nani anazitunza.

Programu ya zamani ilikuja kwenye CD, ikasakinishwa kwenye kompyuta moja, na kila kilichoandikwa humo kikabaki kwenye diski ya kompyuta hiyohiyo. Programu ya kulipia kila mwezi kwa kawaida ni ya mtandaoni: hukaa kwenye seva za mtengenezaji, yaani kompyuta zake zinazofikiwa kupitia intaneti. Mteja huifungua kwa kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) na nywila yake, na anachoandika huhifadhiwa hukohuko, kwa kawaida katika nakala zaidi ya moja. Mtindo huu ulishika kasi baada ya Salesforce, kampuni ya programu za mtandaoni, kuanzishwa Marekani mwaka 1999. Microsoft ilileta Office 365 mwaka 2011, na mwaka 2013 Adobe ikatangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za usanifu yatapatikana kwa malipo ya usajili tu.

Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, faida ya kwanza huonekana siku ya balaa. Mvua za Rungwe huja na radi, umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na soko la Mwanjelwa lenyewe liliteketea kwa moto mwaka 2006. Kompyuta ikiungua, mwenye duka hununua nyingine hata ya mtumba. Lakini orodha ya wadaiwa iliyokuwa ndani yake haiuzwi popote. Ikiwa hesabu zilikuwa kwenye seva, ataazima simu ya jirani, ataingiza nywila na kuzikuta alipoziacha.

Faida ya pili, ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote, ni ya watu wengi kufanya kazi kwenye daftari moja. Chukua mfanyabiashara wa mbao mwenye yadi Mafinga na nyingine Dar es Salaam. Kwa programu ya kompyuta moja, karani wa Dar hunakili mauzo kwenye flashi, flashi hupanda basi usiku, na inapofika Mafinga kuna mafaili mawili yanayopingana, pengine na virusi juu yake. Kwa programu ya mtandaoni, mbao za 2 kwa 4 zikiuzwa Dar saa nne asubuhi, karani wa Mafinga akifungua ukurasa wa stoo dakika ileile anakuta zimepungua, na hatamwahidi mteja mzigo ambao haupo.

Kuna pia suala la marekebisho. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la usalama katika Windows. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kilipitia tundu hilo na kufunga mafaili ya kompyuta ambazo hazikuwa zimewekewa kiraka, katika nchi zaidi ya 150. Programu inayokaa kwenye seva hurekebishwa na mtengenezaji mara moja kwa wateja wote, bila kumsubiri fundi. Ingawa Windows ya mteja bado inahitaji uangalizi, kompyuta yake ikifungwa na kirusi, hesabu zilizo kwenye seva hazifungwi nayo. Wanaotumia nakala za wizi, ambazo kwenye steshenari zetu si jambo geni, mara nyingi huogopa hata kuruhusu marekebisho yasije yakawaumbua.

Kuhusu gharama, mambo yanafanana na kukodi fremu: unaanza kwa fedha kidogo na paa likivuja ni kazi ya mwenye nyumba, ila ukikaa miaka mingi kodi inaweza kupita bei ya kujenga. Anayeandika barua mbili kwa wiki peke yake hana haja ya kulipa kila mwezi. Bando nalo ni gharama, na intaneti hukatika: tarehe 12 Mei 2024 hitilafu kwenye EASSy na Seacom, nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, iliyumbisha huduma nchini. Kwa hiyo chagua programu inayoweza kuendelea kuandika bila mtandao na kuoanisha kumbukumbu mtandao ukirudi.

Zaidi ya hapo, muulize muuzaji nini kitatokea kwa hesabu zako ukiacha kulipa. Kabla ya kulipia mwezi wa kwanza, tumia muda wa majaribio kupakua orodha ya wadaiwa, kisha uzime data na kuifungua kwenye Excel.