Kuchanganya safu mbili kwa kitanzi

Kuchanganya safu mbili ni kuchukua vipengele vya orodha mbili zilizomo kwenye programu na kupata kutoka humo orodha moja, au jibu moja. Kitanzi, au lupu kama wengi tunavyosema, ndicho kinachopita kipengele kimoja baada ya kingine kikifanya kazi hiyo. Maelezo haya ni sahihi lakini hayamtoshi anayeanza, maana kuna namna zaidi ya moja ya kuchanganya na vitanzi vyake havifanani. Kabla hujaandika mstari hata mmoja, jiulize: nategemea kupata majibu mangapi?

Tuchukue duka la vyakula pale Mwanjelwa, Mbeya. Mauzo ya leo ni mchele wa Kyela kilo 50, maharage kilo 20 na parachichi za Rungwe kilo 12. Bei za mfano ni shilingi 3,000, 2,500 na 1,500 kwa kilo. Kwa lugha ya programu ya Python tunaandika hivi:

kilo = [50, 20, 12]
bei = [3000, 2500, 1500]
jumla = 0
for i in range(3):
    jumla = jumla + kilo[i] * bei[i]

Hiyo i ni indeksi, yaani namba ya nafasi. Inaanza na 0, siyo 1. Ndivyo ilivyo pia kwenye lugha za C, Java na JavaScript, ingawa R na Lua huanza na 1. Mzunguko wa kwanza i ni 0: kilo 50 mara 3,000, jumla inakuwa 150,000. Mzunguko wa pili i ni 1, zinaongezeka 50,000, tunafika 200,000. Wa tatu unaleta 18,000, tunaishia na 218,000. Fuatisha hesabu hiyo kwa kalamu na karatasi, usiione kazi ya kitoto. Hapo ndipo utakapoona kuwa i moja inagusa safu zote mbili kwa pamoja. Bidhaa tatu, mizunguko mitatu.

Sasa angalia kinachowakuta wanaoanza wengi. Mtu anaona safu mbili, anadhani zinahitaji vitanzi viwili, anaweka kimoja ndani ya kingine. Programu haigomi, inatoa jibu: 574,000. Imetokea nini? Kila kilo imezidishwa kwa kila bei, mara tisa badala ya tatu. Mchele umeuzwa kwa bei yake, kisha kwa bei ya maharage, kisha kwa bei ya parachichi. Kosa la aina hii ni baya kuliko lile linalosimamisha programu, kwa sababu hakuna kinachokushtua.

Kitanzi ndani ya kitanzi kina mahali pake. Kampuni ya mabasi ikitaka jedwali la nauli kutoka Mbeya, Iringa na Njombe kwenda Tukuyu, Kyela, Vwawa na Makambako, hapo kila mji wa kuondokea lazima ukutane na kila mji wa kufikia. Kitanzi cha nje kinashika Mbeya, cha ndani kinapita miji yote minne. Kisha cha nje kinahamia Iringa, cha ndani kinaanza upya. Safari 12.

Kuna pia kuunga tu, mauzo ya asubuhi yakifuatwa na ya jioni, ambapo vipengele vitatu na vitatu vinakuwa sita. Hapa tahadhari yangu ni alama ya kujumlisha. Ukiandika kilo + bei kwenye Python ya kawaida unapata orodha ya vipengele sita. Ukitumia safu za maktaba ya NumPy, yaani nyongeza ya Python ya kufanyia hesabu, unapata 3050, 2520 na 1512. Kwenye JavaScript unapata maandishi haya: 50,20,123000,2500,1500. Ile 12 na ile 3000 zimegandana. Ukiandika kitanzi mwenyewe, unajua unachokiomba.

Safu zisipolingana urefu, tuseme bei ya parachichi imesahaulika, kila lugha ina tabia yake. Java inasimama na kutoa kosa. Python nayo inasimama ukitumia indeksi, lakini ukitumia zip, amri inayopita safu mbili kwa pamoja, inaishia kimya kimya kwenye safu fupi na parachichi zinapotea kwenye hesabu; tangu toleo la 3.10 unaweza kuongeza strict=True ili ikatae. JavaScript inaendelea, inazidisha 12 kwa kitu kisichokuwepo, na jumla yote inageuka NaN, yaani "siyo namba". C inaweza kusoma chochote kilichopo kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo linganisha urefu kwanza.

Na ikiwa orodha ya bei imepangwa kwa mpangilio mwingine, indeksi haikusaidii tena. Unalinganisha kwa jina la bidhaa. Vitanzi viwili vinaweza, ila kwa bidhaa 2,000 na bei 2,000 ulinganisho unaweza kufika 4,000,000. Bora upitie bei mara moja na kuziweka kwenye kamusi ya programu, jina la bidhaa likiwa ufunguo, kisha upitie bidhaa mara moja ukiuliza kila moja bei yake. Hatua zinashuka hadi 4,000 hivi.