Kunyimwa taarifa: serikali inapokataa kukuonyesha mipango ya uwanja wa ndege

Julai 2024 Wakenya walikuta mitandaoni nyaraka zinazoonyesha kwamba uwanja mkuu wa ndege wa nchi, Jomo Kenyatta pale Embakasi, ulikuwa mbioni kukabidhiwa kampuni ya Adani kutoka India kwa miaka 30. Kampuni ingewekeza dola bilioni 1.85, ijenge njia ya pili ya kurukia ndege na jengo jipya la abiria, kisha ikusanye mapato ya uwanja hadi irudishe fedha zake na faida juu. Aliyezianika nyaraka hizo ni Nelson Amenya, Mkenya aliyekuwa masomoni Ufaransa. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ikathibitisha kwamba ni kweli, pendekezo lilikuwa mezani kwake.

Mjadala ukawaka, na ulistahili kuwaka. Lakini kuna swali lililopita kimyakimya: je, mkazi wa Embakasi, au mama anayewauzia chai wafanyakazi wa uwanja, angeweza kuandika barua na kuziomba nyaraka hizo bila kumngoja mfichuzi? Na ofisi ikimkatalia, kukataliwa huko kuna maana gani mbele ya sheria?

Angeweza. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inaeleza haki hiyo inatumikaje. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika humweleza afisa kwa mdomo, naye afisa ana wajibu wa kuliandika. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unachoweza kudaiwa ni gharama ya kutoa nakala. Wala hudaiwi sababu. Afisa akikuuliza “wazitakia nini?”, jibu lako lisimfanye akunyime, kwa maana sheria imesema wazi kwamba haki hiyo haitegemei nia ya mwombaji wala dhana ya afisa juu ya nia hiyo.

Basi kunyimwa taarifa ni uamuzi wa ofisi ya umma wa kutokukupa nyaraka ulizoomba, zote au baadhi yake. Neno la kushika hapo ni “uamuzi”. Uamuzi una tarehe, una mtu aliyeufanya, una sababu, na una mahali pa kuupinga. Wengi wetu tukijibiwa “hilo ni siri” dirishani tunarudi nyumbani tukijua mambo yameisha. Kisheria ndiyo kwanza yanaanza.

Kukataliwa kwenyewe huja kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni barua inayosema hapana na kueleza kwa nini. Sura ya pili ndiyo inayowachosha watu: kimya. Ofisi ina siku 21 za kuamua ombi lako, au saa 48 ikiwa taarifa inagusa uhai au uhuru wa mtu. Ikiwa nyaraka ni nyingi mno inaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Siku zikiisha bila jibu, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Kwa hiyo kimya nacho ni jibu, na unaweza kulikatia rufaa kama barua yoyote ya kukataa.

Hapa ndipo karatasi moja ndogo inapokuwa na thamani kubwa. Peleka barua yako ikiwa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe unaondoka nayo. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi ujumbe uliotumwa na jibu lolote la kupokelewa. Bila tarehe hiyo, siku 21 hazina pa kuanzia, na malalamiko yako yatageuka ubishi wa nani alisema nini.

Sasa sababu. Ofisi haikatai kwa kupenda tu. Lazima iegemee mojawapo ya sababu zilizotajwa katika kifungu cha 6 cha Sheria hiyo. Ziko kadhaa, lakini kwa uwanja wa ndege tatu ndizo zinazoweza kutajwa kwa urahisi zaidi.

Usalama wa taifa ni ya kwanza, na ina uzito wake. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka ramani ya kamera za ulinzi au zamu za doria za Embakasi isambazwe. Lakini gharama ya lami ya njia ya kurukia haimlindi mtu yeyote ikifichwa. Ya pili ni maslahi ya kibiashara: kampuni iliyoleta pendekezo inaweza kudai kwamba hesabu zake zikitoka, washindani watafaidika. Hoja hiyo ina nguvu kidogo pale wazabuni wanaposhindana. Inapungua nguvu pale kampuni inapoleta pendekezo lake yenyewe bila zabuni, kama ilivyokuwa kwa Adani, kwani sheria ya ubia kati ya serikali na sekta binafsi ya 2021 inaruhusu njia hiyo.

Ya tatu ndiyo ninayotaka tukae nayo. Inasema taarifa inaweza kuzuiwa ikiwa kuitoa kutaivuruga sana ofisi katika kulipima kwa makini jambo ambalo bado halijafikiwa uamuzi. Kwa lugha ya mitaani: “mpango bado unapikwa, subirini uive.”

Kuna busara ndani yake. Watumishi wanahitaji nafasi ya kuandikiana rasimu, kubishana na kubadili mawazo bila kila sentensi kuwa habari ya asubuhi. Shida ni kwamba mpango wa uwanja wa ndege ukishaiva, huwa umeshatiwa saini. Ardhi imepimwa, miaka 30 imeandikwa, ada za abiria zimefungwa ndani ya mkataba. Katiba hiyohiyo inadai wananchi washirikishwe, na mtu hawezi kushirikishwa katika jambo asiloliona. Ndiyo maana naamini sababu hii isomwe kwa ufinyu kabisa: ilinde rasimu na majadiliano ya ndani, isilinde upembuzi yakinifu (utafiti wa kama mradi unafaa na unawezekana) uliokamilika wala pendekezo lenyewe lililokwisha kupokelewa.

Tumeshaona kusubiri kunavyogharimu. Treni ya reli mpya ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba yake, hawakupewa, wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Upande wa serikali ulijitetea, pamoja na mengine, kwamba mikataba ina vifungu vya usiri. Mei 2022 Jaji John Mativo aliamuru nyaraka zitolewe. Novemba mwaka huo Kipchumba Murkomen, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, akaweka hadharani mikataba ya mikopo, na ndipo Wakenya wakasoma kwa macho yao kwamba mgogoro ukizuka utasuluhishwa Beijing, China, ilikotoka mikopo hiyo. Treni ilikuwa imekwisha kukimbia miaka mitano.

Hata pale sababu ya kukataa inapokuwa ya kweli, haimalizi mambo. Sheria inaruhusu taarifa itolewe ikiwa faida ya umma kuijua inazidi madhara ya kuitoa, na miongoni mwa mambo ya kupimwa ni uwajibikaji na matumizi ya fedha za umma. Mizani hiyo anaishika jaji. Lakini usingoje kufika kwake ndipo uitaje. Iandike tangu barua ya kwanza.

Ukikataliwa, una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman. Tume inaweza kuamuru nyaraka zitolewe, na asiyeridhika na amri yake huenda Mahakama Kuu. Tanzania nayo ina sheria yake ya 2016, lakini muda wa kujibu ni siku 30 na ngazi za kulalamika ni tofauti, kwa hiyo usinakili barua ya Nairobi ukaipeleka Dodoma.

Mpango wa Embakasi haukufika mwisho. Septemba 9, 2024 Mahakama Kuu iliusimamisha kwa ombi la Chama cha Mawakili na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, siku mbili baadaye wafanyakazi wa uwanja wakagoma, na Novemba 21 Rais Ruto akatangaza kuufuta. Viwanja vya ndege, hata hivyo, vitaendelea kupanuliwa, na mipango mingine itakuja. Ukiomba nyaraka zake, usiandike “naomba kila kitu kuhusu uwanja.” Itaje nyaraka kwa jina: pendekezo la kampuni, upembuzi yakinifu, tathmini ya athari kwa mazingira, ramani ya ardhi itakayochukuliwa. Ongeza sentensi moja chini: ikiwa sehemu fulani haiwezi kutolewa, nipewe iliyobaki, na nielezwe kwa maandishi ni kifungu gani kimezuia hiyo nyingine. Kisha hesabu siku 21 kuanzia tarehe ya muhuri.